Mungu, nyumba, halafu kazi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Mimi na mke wangu tunasimamia kikundi cha wanandoa kanisani kwetu hapa Morogoro. Watu hubadilika, maswali hayabadiliki. Mengine huulizwa mbele ya wote, mengine huja usiku kwa meseji inayoanza na "Shikamoo kaka, samahani kwa usumbufu." Nimeyaandika pamoja ili nisiwe naimba wimbo ule ule kila mwezi. Mchungaji ameyasoma majibu haya. Mawili hakukubaliana nami. Nimeyaacha.

Kumweka Mungu na familia mbele ya kazi ndiyo kufanya nini hasa? Niache kazi?

Usiache kazi. Paulo mwenyewe alikuwa fundi wa mahema, na Matendo 18 inamtaja akiwa kazini.

Ukiuliza kanisani, kila mtu atakwambia Mungu ni wa kwanza kwake. Hata daladala zimeandikwa hivyo nyuma, na bado zinatupita kwenye kona. Kwa hiyo tuyaache maneno kwanza. Siku ambayo mambo hayagongani huwezi kujua lipi liko mbele: unakwenda kazini, unarudi, unasali, unakula na watoto, vyote vinaenea. Swali linakuja pale kikao cha saa 11 jioni kinapoangukia siku ambayo mama mkwe anatoka hospitali, au safari ya wiki 3 inapoangukia kipaimara cha binti. Kinachosogezwa ndicho kilicho nyuma. Kikisogezwa mara moja si neno. Kikisogezwa kile kile mara 10 mfululizo, mpangilio wako umeshajulikana, na wanaoujua vizuri kuliko wewe ni watu wa nyumbani kwako.

Wanaojiunga tunawapa zoezi moja: taarifa ya miamala ya simu ya miezi 3, na kalenda ya miezi hiyo hiyo. Mke na mume wanakaa mezani, kila mmoja na kalamu yake, wanaweka alama fedha na siku zimekwenda wapi. Mara nyingi zoezi haliishi, maana kuna mtu anakuwa ameanza kujieleza kuhusu muamala fulani.

Kwani kutafuta mali ni dhambi?

Ibrahimu alikuwa na mali. Lidia wa Thiatira aliuza nguo za zambarau, biashara ya wenye uwezo, na kanisa la Filipi lilipokelewa nyumbani kwake. Kaburi alimolazwa Yesu lilikuwa la tajiri, Yusufu wa Arimathaya. Barua kwa Timotheo inalaumu kupenda fedha. Fedha yenyewe haina kesi.

Ila ukisoma ule mfano wa tajiri mpumbavu katika Luka 12, angalia jinsi anavyoongea. Shamba limezaa, anafikiri moyoni mwake, anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe, kisha anaiambia nafsi yake ipumzike, ile, inywe. Ghala zangu, nafaka yangu, vitu vyangu. Hakuna mke katika habari ile, hakuna mtoto wala kibarua aliyevuna. Mtu amepata mavuno ya maisha yake na hana wa kumwambia. Kosa lake wengi wanaliona kwenye ghala. Mimi naliona kwenye huo ukimya wa nyumba.

Lakini Biblia inasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ni mbaya kuliko asiyeamini. Mimi nahangaika kwa ajili yao. Mnanilaumu nini?

Hili ndilo swali ninalolijua kwa ndani, kwa hiyo nivumilie.

Nilikuwa msimamizi wa mauzo wa kanda katika kampuni moja ya usambazaji. Eneo langu lilianzia Morogoro hadi Mbeya. Siku 20 na ushee za kila mwezi nilikuwa barabarani: Mikumi, Ruaha Mbuyuni, mlima Kitonga, Iringa, Makambako, na kurudi. Nyumbani hakikukosekana kitu. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni nilileta kwa gunia mpaka majirani wakawa wanagawiwa. Kila aliyenipigia simu kunilaumu nilimjibu kwa andiko hilo hilo, 1 Timotheo 5:8, nalijua kwa kichwa.

Januari moja, nikiwa Mbeya, nikamnunulia mwanangu wa kiume viatu vya shule. Vyeusi, vya ngozi, si vile vya mtumba. Namba 31. Nimefika usiku wa manane, asubuhi akavijaribu. Kisigino hakikuingia. Alisukuma kidogo, akaniangalia, akavitoa. Akavirudisha kwenye boksi, akavifunika na ile karatasi yake laini, akasema, "Asante baba, nitampa mdogo wangu." Alikuwa anavaa 34. Mama yake aliniuliza taratibu, hakuna ugomvi, "Namba 31 umeitoa wapi?" Nilikuwa nimeitoa kichwani. Ndiyo namba aliyovaa mara ya mwisho nilipokwenda naye dukani.

Tangu hapo nimelisoma lile andiko kwa macho mengine. Sura nzima inahusu wajane: nani awaangalie, kanisa au watoto na wajukuu wao. Paulo anasema watoto waanze kuonyesha utauwa nyumbani kwao. Fedha imo, tena kwa ukali. Mwanamume anayekesha kwenye maombi huku mkewe anakopa unga dukani, andiko linamhusu kabla hata halijanihusu mimi, na asije akaita uvivu wake imani. Watoto hawashibi ushuhuda. Lakini mjane hatunzwi kwa muamala peke yake. Anahitaji mtu wa kujua kuwa dawa ya presha imeisha, na kwamba siku hizi hasikii vizuri sikio la kushoto. Kumtunza mtu kunadai umjue, na kumjua kunadai uwepo. Kupeleka fedha ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu rahisi, hasa siku hizi ambapo unabonyeza tu.

Nikimweka Mungu kwanza, atanifungulia milango ya fedha?

Inawezekana. Inawezekana pia asifungue.

Najua mnayoambiwa: panda mbegu, utavuna gari. Watu hunukuu Mathayo 6:33 wakafika kwenye "hayo yote mtazidishiwa" na macho yakang'aa. Rudini nyuma mistari miwili mitatu. Hayo yote ni yapi? Chakula, kinywaji, mavazi. Prado haimo. Yesu alikuwa anaongea na watu wenye wasiwasi wa kesho watakula nini, na akawaahidi kile walichokuwa na wasiwasi nacho.

Wale vijana watatu mbele ya tanuru la Nebukadneza walisema Mungu wao anaweza kuwaokoa, kisha wakaongeza neno ambalo mahubiri mengi huliruka: "Bali kama si hivyo." Hata asipotuokoa, hatutaisujudia sanamu. Ukitaka kujua kama umemweka Mungu mbele ya kazi au umefungua naye akaunti ya akiba, jiulize kama una "bali kama si hivyo" yako.

Kuna habari ya Eric Liddell, Mskoti, mkimbiaji, inayopendwa sana kwenye semina. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 alikataa kukimbia mita 100 kwa sababu mchujo ulipangwa Jumapili, akakimbia mita 400 na kushinda dhahabu kwa sekunde 47.6. Wanaoisimulia huishia hapo, watu wakapiga makofi. Mimi huwauliza: angeshika nafasi ya sita mita 400, angekuwa amekosea kukataa mita 100? Na huendelea na yale yasiyopigiwa makofi: mwaka uliofuata akaacha riadha akaenda China kuwa mmisionari, na mwaka 1945 akafia huko katika kambi ya wafungwa ya Wajapani akiwa na umri wa miaka 43. Mkewe na binti zake walikuwa Kanada. Mdogo kuliko wote hakuwahi kumwona.

Bosi ananipanga zamu za Jumapili. Nifanyeje?

Kwanza ujue haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema siku za kawaida za kazi zisizidi 6 kwa wiki, saa zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Unastahili mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Ukifanya kazi siku yako ya mapumziko, saa hizo zinalipwa mara mbili. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki 4. Sheria haisemi mapumziko lazima yawe Jumapili, lakini inakataza mwajiri kukubagua kwa ajili ya dini yako. Ndugu zetu Wasabato, wenye shida kama yako ila siku yao ni Jumamosi, wana uzoefu mkubwa kuliko wetu wa kuongea na mabosi. Kawaulize.

Pili, angalia kazi yenyewe. Muuguzi, askari, mlinzi, dereva wa gari la wagonjwa: hao wakikaa nyumbani wote Jumapili tutazika watu. Yesu aliponya siku ya sabato na aliulizwa hilo hilo. Kuna ibada ya kwanza saa 1 asubuhi, kuna jumuiya katikati ya wiki. Kaka mmoja wa kikundi chetu, mlinzi wa usiku, anatoka lindoni saa 12 na kuja moja kwa moja na buti zake, anakaa benchi la nyuma, na akisinzia wakati wa mahubiri hatumwamshi.

Lakini kama ni duka tu linataka lifunguliwe kwa sababu mwenye duka hapendi kuona kufuli, omba kwa maandishi, kwa adabu, na toa mbadala: mimi nitashika sikukuu zenu, mwenzangu Mwislamu yuko tayari tubadilishane, nami namshikia Ijumaa mchana. Nimeona hili likifanya kazi mara nyingi kuliko nilivyotegemea. Usiache kazi kwa hasira Jumatatu asubuhi kisha ukaita msalaba.

Nimepandishwa cheo, lakini ni mkoa mwingine. Mke wangu ana kazi yake hapa.

Kabla ya kuomba "ishara," ulizaneni mambo ya kawaida. Je, anaweza kuhama? Kwa watumishi wa serikali kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza ni jambo linalojulikana, ingawa linataka uvumilivu na barua nyingi. Ni kwa muda gani? Miezi 6 na miaka 6 si kitu kimoja. Tutaonana mara ngapi, na nauli ni ya nani? Paulo aliwaambia Wakorintho wanandoa wasinyimane isipokuwa wamepatana, tena kwa kitambo. Maneno mawili hapo: wamepatana, na kitambo. Ndoa nyingi za mbali tunazoziona hazina lolote kati ya hayo. Mmoja aliamua, mwingine akaarifiwa.

Kuna andiko halisomwi sana harusini, sijui kwa nini: Kumbukumbu la Torati 24:5. Mwanamume aliyeoa karibuni asiende vitani wala asipewe shughuli yoyote mwaka mzima, akae nyumbani amfurahishe mkewe. Hiyo ni sheria ya taifa lenye maadui pande zote! Sisi hatuna vita, na likizo ya baba mtoto anapozaliwa ni angalau siku 3. Kenya wanawapa wiki 2, nasi tukiwasikia tunasema wanadeka.

Yangu ilikuwa hivi. Mwaka uliofuata baada ya vile viatu nilipewa kanda kubwa zaidi, makao Mbeya, mshahara karibu mara mbili. Mke wangu ni mwalimu hapa, na mama yangu mzazi alikuwa amehamia kwetu, mgonjwa. Tulikaa na jambo hilo wiki 2. Nikakataa. Nikaomba kazi ya ofisini, ya chini yake, nikapewa kwa shingo upande.

Sitaki mtu afikiri niliimba haleluya. Gari la kampuni lilirudi. Kiwanja cha Kihonda tulichokuwa tumelipia nusu tukakiuza. Mtoto mkubwa akatoka shule ya kulipia akaenda ya serikali, darasa lenye watoto wengi, na mwanzoni alilia. Kijana niliyemfundisha kazi ndiye aliyepewa ile kanda. Akipita Morogoro na lile gari refu husimama kunisalimia, "Shikamoo mzee," na ni heshima ya kweli, lakini kuna siku inauma. Mama alikaa nasi mwaka mmoja na miezi 4. Jioni nilikuwa namsogezea kiti nje, chini ya mwembe, anachambua mboga polepole huku akinieleza habari za baba yake ambazo sikuwahi kuzisikia. Siwezi kukuambia biashara hiyo ililipa. Haikuwa biashara.

Wako waliokwenda na wakafanya vizuri, familia nzima ikahamia. Sikufundishi ukatae. Nakufundisha mkae wawili mezani kabla hujajibu.

Na kwenda Uarabuni? Dada yangu ana mkataba wa miaka 2 Oman, watoto wako kwa bibi.

Hapa wengi wetu tuna midomo mirefu na mifuko mifupi. Anayekwenda kufanya kazi za ndani Oman au Saudia mara nyingi hachagui kati ya familia na utajiri; anachagua kati ya njaa ya watoto na kuwa mbali nao. Usimpelekee mahubiri, mpelekee msaada. Aende kwa wakala aliyesajiliwa, mkataba ausome kabla ya kusaini, nakala ya hati ya kusafiria ibaki kwa ndugu. Nyie mliobaki, mwendeeni bibi. Bibi wa miaka 65 na watoto wanne ni mjane wa 1 Timotheo 5 kwa jina na sura. Na fedha zikija, zisiishe kwenye bati la mjomba.

Mimi ni mzee wa kanisa, kwaya, na kamati ya ujenzi. Mke wangu analalamika sipo nyumbani. Si ni kazi ya Mungu?

Hili ni mojawapo ya yale mawili ambayo mchungaji hakuyapenda.

Tuliwahi kuwapeleka wanandoa wetu Bagamoyo, kwenye ile misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Pale kuna mnara ambamo mwili wa mmisionari David Livingstone ulilazwa usiku mmoja Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, kabla haujavukishwa kwenda Uingereza. Kila anayefika pale husifu uaminifu wa wale wabebaji, na wanastahili.

Mimi nilikuwa nafikiri habari nyingine. Mwaka 1852 Livingstone alimpandisha mkewe, Mary, melini Cape Town pamoja na watoto wanne, wakaenda Uingereza, yeye akageuka kurudi bara. Hawakuonana mpaka mwisho wa 1856. Mary alihangaika kule, nyumba ya huyu na nyumba ya yule, bila fedha ya kutosha. Mwaka 1862 akamfuata mumewe Zambezi, na baada ya miezi michache akafa kwa homa huko Shupanga. Kijana wao mkubwa, Robert, alikwenda Marekani, akaingia jeshini kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe na kufia huko mwaka 1864. Baba mwenyewe alikuja kuandika kwamba anajutia jambo moja, kutocheza na wanawe.

Simhukumu. Biashara ya utumwa aliyoipigia kelele ilikuwa ya kweli, na Bagamoyo yenyewe ni shahidi. Lakini kama mtu wa namna ile, na kazi ya namna ile, aliona deni lake liko kwa watoto wake, wewe na kamati ya ujenzi mna hoja gani?

Mungu si kamati. Kumweka Mungu kwanza na kuweka ratiba ya kanisa kwanza ni mambo mawili, na yanafanana sana ukiyatazama kwa mbali. Paulo alipotaja sifa za askofu aliuliza, mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa la Mungu? Nyumba ndiyo iliyokuwa cheti chake. Kikundi chetu kimekubaliana: mtu mmoja, huduma moja, na jioni mbili za wiki zisizoguswa. Kamati ya ujenzi ilinung'unika. Ukuta umesimama hata hivyo.

"Familia" ni nani? Maana ukoo wangu una watu 60 na kila wiki kuna mchango.

Wahubiri wengi wakisema familia wanaona picha ya baba, mama na watoto wawili wenye meno meupe. Kwetu familia inafika mpaka kwa mtoto wa binamu ya mama, na sioni aibu. Nimesomeshwa na baba mdogo. Nisingekuwa naandika haya.

Lakini kuna kutunza, na kuna kuonekana. Ada ya mpwa aliyefiwa na baba, dawa za shangazi, mabati ya paa la bibi lililobomoka: hayo ni kutunza. Kadi ya harusi ya mtoto wa mtu mliyesoma naye, kiwango "Single 70,000, Double 120,000," na kundi la WhatsApp lenye katibu anayekukumbusha hadharani saa 4 usiku: hayo tuyaite jina lake. Mwaka mmoja tulijumlisha michango yetu ya harusi, sendoff na kitchen party. Ilizidi ada ya mtoto. Sasa tuna kiasi kimoja cha mwaka. Kikiisha Septemba, kimeisha, tunakwenda harusini na pilau ya kupika na mikono ya kuosha vyombo. Wengine walituona tumekuwa wachoyo. Baadaye watatu wakaja kuuliza tunafanyaje.

Upande wa pili kuna onyo katika Marko 7. Watu walikuwa wanawanyima wazazi wao msaada kwa kusema, hiki ni Korbani, nimekiweka wakfu kwa Mungu. Yesu aliwakemea. Anayemwambia mama yake hana fedha ya dawa kwa sababu ameahidi kiti cha madhabahu, asome pale.

Fungu la kumi kwanza, au ada ya mtoto?

Jibu la pili ambalo mchungaji hakulipenda. Sisi tunatoa, na tunatoa kwanza, na tumeishi. Lakini mwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, anaolipa kila siku, watoto wamerudishwa nyumbani kwa ada, aje aongee na viongozi. Asikope tena ili atoe sadaka. Sadaka ya fedha ya mtu mwingine si sadaka.

Kazi yangu inanitaka nifumbe macho. Nikikataa, watoto watakula nini?

Ndugu mmoja, mtunza stoo, alituletea hili. Gari limeshusha mifuko 300 ya saruji. Hati ya kupokelea mzigo inasema 340. Bosi amesimama pembeni, mkono mmoja mfukoni: "Saini tu, tutaongea." Alikuja kwetu usiku huo kabla hajasaini, maana alikuwa ameomba udhuru wa tumbo; mikono ilikuwa inatetemeka.

Tulimwambia hivi. Sahihi ni yako. Ukaguzi ukija, bosi hatakuwepo kwenye hiyo karatasi. Andika ulichohesabu, 300, saini hiyo 300, piga picha. Mwambie mkeo leo, si baada ya kufukuzwa, kwa sababu mshahara utakaopotea ni wake pia na ana haki ya kujua umepotelea wapi. Hapa imani na familia haziko pande mbili: baba aliye rumande hamchukui mtoto shule.

Alifukuzwa baada ya wiki 3, kwa sababu nyingine ya kutunga. Akakaa miezi 7 bila kazi ya maana. Kikundi kilichanga unga, maharage na kodi ya miezi 2, kisha tukachoka, lazima niseme kweli, tukawa tunapunguza. Sasa ana duka dogo la vifaa vya umeme, halijamtajirisha. Tangu wakati ule kila familia kikundini inaweka akiba kwenye kikoba kwa jambo hilo tu. Tunaiita akiba ya kusema hapana. Ukishakuwa na matumizi ya miezi 3 pembeni, bosi anakuonekania mfupi kidogo.

Mke wangu anapata zaidi yangu. Nani akae nyumbani mtoto akiugua?

Mwenye nafasi siku hiyo. Mwanamke wa Mithali 31 ananunua shamba na kufanya biashara, mumewe ameketi na wazee malangoni, na hakuna mahali alipoambiwa aone haya. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka wetu kliniki, na manesi walinizoea mpaka wakawa wananiita "mama."

Sijaoa, sina mtoto. Haya yananihusu?

Yanakuhusu kuliko unavyodhani, kwa kuwa ndio wakati mwajiri anakuona huna pa kwenda na anakupa zamu za wote. Ruthu hakuwa na mume wala mtoto alipomshika Naomi mkono. Familia yake ilikuwa mama mkwe mmoja mwenye uchungu. Chagua watu wako na uwawekee siku.

Nimeshachelewa. Nimestaafu, watoto ni watu wazima, tunaongea kwenye misiba tu.

Anza na kuomba radhi, na usiweke "lakini" ndani yake. Usieleze ulivyokuwa unahangaika kwa ajili yao. Wanajua, walikula hicho chakula. Usimtume mama yao wala mchungaji. Na usitegemee kile kilio cha mwana mpotevu na ndama aliyenona, maana katika habari ile baba ndiye aliyekuwa nyumbani.

Mzee mmoja wa kikundi chetu alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, Dar es Salaam hadi Lubumbashi, miaka 26. Alipostaafu alianza kumpigia binti yake kila Jumapili saa 1 jioni. Miezi ya kwanza simu ilidumu dakika 2: shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, haya baba. Akawa anakuja kwetu analalamika kuwa anapoteza salio. Tukamwambia apige tu. Akapiga karibu mwaka mzima. Mwezi uliopita, katikati ya wiki, binti akapiga yeye: anataka kununua gari kuukuu, injini inatoa mlio fulani, baba unasikia? Akaiweka simu karibu na boneti. Mzee alisikiliza, akamwambia azime, awashe tena, kisha akamwambia asilinunue, amngoje, Jumamosi atapanda basi aje alitazame mwenyewe.